Kabureta tatu, Honda CG125 moja: ipi inaifaa Tabora?

Mwangaluka watazamaji, karibuni Tabora. Mezani kuna kabureta tatu, na hapa pembeni imesimama Honda CG125, ile mashine ya cc 124 iliyoingia sokoni mwaka 1976, inayosukuma valvu kwa fimbo badala ya cheni. Injini hizi zinachelewa kufa. Kinachotangulia kuchoka ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na hapo ndipo fundi anakuuliza: tuifufue ya zamani au tufunge mpya? Nalitoa jibu mapema ili mwenye bando dogo aondoke nalo: nunua bodi mpya, lakini jeti za zamani, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupima mafuta, usitupe. Wenye bando tubaki.

Ya kwanza ni Keihin iliyokuja na pikipiki. Ya pili ni PZ26 ya Kichina, iliyoigwa kwa Keihin, ile unayoikuta karibu kila duka la spea za bodaboda. Ya tatu ni nakala ya Mikuni VM22.

Tuanze na mzee. Sogeza kamera hapa. Hii ni pistoni ya kabureta, inayopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Angalia upande unaoelekea injini: umeng'aa kama sarafu, na upande wa pili bado una rangi yake. Injini inapovuta hewa inaikandamiza pistoni upande huo, na vumbi la kiangazi linafanya kazi ya msasa. Nairudisha ndani, naitingisha. Mmesikia inavyogonga? Pembeni hapo inapita hewa isiyopimwa na mtu. Ndiyo maana silensa, yaani mlio wa injini ukiwa umeachia mafuta, inapanda na kushuka, na ukikaza skrubu kutwa nzima haitulii.

Tundu ambamo sindano inayoning'inia chini ya pistoni hii inapita nalo limekuwa na umbo la yai. Likipanuka, mafuta yanazidi ukiwa katikati ya mwendo: plagi inajaa masizi, moshi mweusi, ila ukivuta mafuta yote pikipiki inakimbia vizuri tu. Hapo watu wengi wanafungua jeti kubwa na kuisingizia bure. Kuosha hakutibu chuma kilicholika.

Sasa jeti zenyewe. Ni shaba nyeupe, hazisuguani na kitu, zinapitisha mafuta tu. Kinachoziua ni waya wa breki. Fundi akizibua kwa uzi wa chuma anapanua tundu. Namba ya jeti kubwa ya Keihin inasoma kipenyo: 100 ni milimita 1.00, 105 ni milimita 1.05. Mkwaruzo usiouona kwa macho unatosha kuihamisha namba. Zibua kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Kama yako haijawahi kuchokonolewa, hiyo ni mali.

PZ26 tuliyonayo hapa bodi yake ni nzuri. Pistoni imekaa, haigongi. Udhaifu wake uko ndani. Kabla ya kuifunga fungua bakuli, maana vijitundu vya nakala mara nyingi vina mabaki ya kiwandani. Puliza kila njia mpaka usikie hewa ikitokea upande wa pili. Kisha boya, linalodhibiti kimo cha mafuta kwenye bakuli: chomeka hosi inayoona ndani kwenye tundu la kumwagia mafuta, iinue hosi sambamba na kabureta, legeza skrubu ya chini, fungua koki. Mafuta yasimame milimita chache chini ya mstari wa gasketi. Yakivuka, kunja kidogo kile kiulimi cha boya kinachosukuma pini ya mafuta. Boya la plastiki lisilo na kiulimi cha chuma halikunjiki. Hapo badilisha pini na boya.

Halafu jeti zake. Namba imepigwa, lakini kwenye nakala namba ni ahadi tu. Toa, jaribu za Keihin ya zamani. Mara nyingi nyuzi zinalingana. Ingiza kwa vidole, ikigoma usilazimishe. Ila sindano na tundu lake usichanganye, tumia vya PZ26 vyote viwili, vimezaliwa pamoja.

VM22 nayo? Tumeipima mdomoni kwa venia, kile kipimio cha vipenyo. Kwa cc 124 mdomo huo ni mpana. Mdomo ukipanuka hewa inapita taratibu, na hewa ya taratibu haivuti mafuta vizuri. Ukiondoka umepakia abiria na gunia, inajikwaa kabla ya kuchanganya. Tena jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa wingi wa mafuta yanayopita, si kwa kipenyo, kwa hiyo 100 ya Mikuni na 100 ya Keihin si ndugu. Inapendeza kwa macho, nakubali. Waachieni wanaoongeza injini.

Sasa tufunge PZ26. Kwanza, usitune kabureta kabla hujaweka sawa mengine: uwazi wa tapeti za valvu milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi, plagi D8EA mpya yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, sponji ya kichujio imeoshwa na kupakwa oili kidogo. Kichujio kiwe kwenye boksi lake. Vile vichujio vya nje vya kuvutia vinaingiza hewa zaidi, na utaanza jeti upya.

Pistoni ina upande. Mkato wa chini unatazama kichujio, si injini. Ukiigeuza, injini ikiwaka inalia juu na haishuki. Na ile o-ringi ya kati ya kabureta na shingo lazima iwe mpya. Kukagua kama inavuta hewa, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwaka: sauti ikibadilika, umeipata. Msinyunyize petroli jamani, ekzosi iko sentimita chache tu.

Washa dakika kumi, choki imezimwa kabisa. Tafuta skrubu ya mchanganyiko. Ikiwa upande wa kichujio, ni ya hewa: ukilegeza mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, ni ya mafuta: ukilegeza yanaongezeka. Nakala zinatofautiana, kwa hiyo angalia kwanza. Kaza taratibu mpaka iguse, usibane, ncha yake inavunjika. Rudisha mzunguko mmoja na nusu. Kisha legeza au kaza robo robo ukisubiri kidogo kila mara, mpaka injini ilie juu kuliko sehemu nyingine zote. Hapo shusha silensa kwa skrubu yake ifike kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kwa skrubu ya hewa, kama pazuri ni chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno; kama ni zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa mno. Skrubu ya mafuta ni kinyume chake.

Kwa mwendo, bandika plasta kwenye mkono wa mafuta, weka alama ya robo, nusu na robo tatu. Mpaka robo ni jeti ndogo na mkato wa pistoni. Robo mpaka robo tatu ni sindano. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Sindano ina kipini (klipu ndogo) na mifereji. Kipini kikishuka mfereji mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Nje ya mji, barabara ya Urambo ikiwa tupu, shika alama ya nusu kwa kama kilomita moja, bana klachi, zima swichi hapohapo, toa plagi. Rangi ya karanga iliyokaangwa, sawa. Nyeupe, mafuta ni machache, na hiyo ndiyo inayochoma pistoni ya injini. Rudia kwa mafuta yote. Ukisubiri injini itulie kwenye silensa kabla ya kuzima, plagi itakudanganya.

Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyotunwa Dar ikifika hapa inakuwa na mafuta mengi. Shusha jeti kubwa kwa saizi moja kabla hujagusa sindano. Wa Kigoma mjini mko kama mita 770, kwenu rudini juu kidogo, na hakikisheni kwa plagi.

La mwisho, kwa PZ26 zote: ukilaza pikipiki funga koki. Pini za nakala zinaachia usiku, na hosi ya kumwagia ikiwa imeziba, petroli inashukia kwenye oili. Asubuhi chomoa stiki ya oili, nusa. Ikinuka petroli, usipige kiki. Mwaga oili yote kwanza.