Jioni za sinema huru Themi: filamu tamu, huduma bado

Watu wananiuliza kama inafaa kutoka nyumbani na baridi hii ya Arusha kwenda kuangalia muvi isiyo na steringi. Inafaa. Nimekuwa nikihudhuria maonyesho ya sinema huru kwenye kituo kimoja cha utamaduni maeneo ya Themi, kiingilio 5,000 pamoja na chai ya tangawizi na bisi, na filamu wanazochagua nazipa karibu alama zote. Huduma yenyewe naipa alama za kati, na sababu nitazieleza, maana naona ndiyo inayowafanya watu wa hapa waamini kwamba sinema za aina hii hazituhusu.

Kwa asiyezijua, ni filamu zilizotengenezwa nje ya kampuni kubwa, mara nyingi kwa hela za kuungaunga, na mwongozaji akafanya anavyotaka. Muziki haukuambii wapi ulie. Mtu anaweza kutembea dakika nzima na hakuna kinacholipuka. Ukimwambia kijana wa kurusha muvi kwenye flashi pale stendi akuwekee kazi ya Abderrahmane Sissako, mwongozaji wa Mauritania, atakuuliza kama ni season ya Kituruki. Simlaumu, anauza kinachotoka. Kwenye simu nako hazifai: kioo kidogo, bando linakata, meseji zinaingia, na ikifika sehemu ya kimya kidole chenyewe kinapeleka mbele. Wengi wanaosema filamu hizi zinachosha wameziangalia hivyo.

Chukua Timbuktu, ya huyohuyo Sissako, ya 2014. Watu wenye silaha wameuteka mji huo wa Mali, wamepiga marufuku muziki na mpira. Vijana wanaingia uwanjani na jezi zao, wanakimbia, wanapiga chenga, wanafunga na kushangilia, na mpira wenyewe haupo. Punda anakatiza zake katikati ya uwanja. Ukumbini watu walianza kwa kucheka, kicheko kikafa chenyewe.

Lakini sehemu iliyowashika watu wa Arusha ilikuwa ya ng'ombe. Kidane ni mfugaji. Ng'ombe wake anaingia kwenye nyavu za mvuvi, mvuvi anamchoma mkuki. Kidane anamfuata, wanashikana majini, bastola inalia. Kisha kamera inakaa mbali kabisa, unaliona ziwa lote na jua linazama, Kidane anajikokota kwenye maji kuelekea ng'ambo hii, na ng'ambo ile yule mwingine anajaribu kuinuka, anaanguka. Hakuna anayekuja karibu kukuonyesha damu. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema taratibu, "Ameshaharibu."

Baada ya filamu huwa kuna mazungumzo, na kwa kawaida kipaza sauti hushikwa na walewale, watu wa mashirika, Kiingereza kirefu kuhusu itikadi kali. Siku ile akasimama mzee mmoja mfugaji kutoka Monduli, amekuja na binti yake. Akauliza swali moja tu: yule mvuvi alionywa kabla au hakuonywa? Kwa sababu kama nyavu zipo njiani kwa ng'ombe kila siku, kesi ni ya wote wawili, na wazee wangekaa chini ya mti mapema mambo yasingefika kwenye bastola. Kisha akarudi kwenye ile fidia ya ng'ombe 40 ambayo hakimu wa wale wenye silaha anaidai kwa Kidane, mtu mwenye wachache tu. "Hapo hakuna hukumu," akasema, "hapo wameshaamua kumuua." Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Hakuna aliyeielewa filamu ile kumzidi, na sidhani kama alisoma neno hata moja la yale maandishi ya chini. Binti yake alikuwa akimnong'oneza mwanzo mpaka mwisho, kuna dada wa mbele akawa anageuka kuwanyamazisha.

Hapo ndipo kero yangu kubwa ilipo. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tupu. Filamu inaongea Kitamasheki, Kifaransa, Kiarabu na Kibambara, sisi tunaongea Kiswahili, na katikati yetu wameweka lugha ambayo nusu ya mtaa haiisomi kwa kasi ile. Niliuliza, dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba faili huja hivyohivyo kutoka kwa wenye filamu. Sawa. Ila hii nchi imetatua tatizo hilo zamani kwenye vibanda umiza vya video. Enzi za Lufufu tuliangalia filamu za Kichina na za Kihindi bila kujua neno, naye alikuwa anazungumza juu ya picha, anatafsiri, anatia na chumvi yake, na bibi mwuza karanga akatoka pale anaisimulia hadithi yote. Sidai mtu aipigie kelele filamu ya Sissako. Nadai mtu mmoja mwenye sauti nzuri, kipaza sauti kidogo, asome maneno kwa Kiswahili na anyamaze panapotakiwa kimya. Wakishindwa hilo, karatasi moja ya muhtasari mlangoni.

Ushahidi wangu ni siku walipoonyesha filamu ya Kiswahili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ile iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kwenye Oscar. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo waliopita Kidato cha Tano na Sita wanaifahamu. Watu walijaa mpaka wakakaa kwenye ngazi. Kicheko kilikuja kwa wakati wake, mafumbo yalieleweka kabla hayajamalizika kusemwa, na hakuna aliyelalamika kwamba muvi inakwenda taratibu, ingawa inakwenda taratibu kweli. Kwangu mimi picha zake ni nzuri kupita kiasi, maana yake kuna mahali nilikuwa natazama rangi za ukuta na taa badala ya kumsikiliza Denge, mhusika mkuu wa kiume. Mapenzi yake na Yasmin yanawahi mno kuiva. Waliosoma kitabu walinung'unika kwamba mengi yameachwa, na wana haki yao, ila nilitoka nikiwa na hamu ya kukisoma tena.

Si zote nazipenda. White Shadow ya Noaz Deshe, ya 2013, inamhusu kijana mwenye ualbino hapa kwetu Tanzania, imepata tuzo Venice, na kijana anayeiigiza anakushika moyo. Lakini kamera inatikisika karibu saa mbili, nilitoka kichwa kinagonga. Halafu kuna kundi la filamu, sizitaji, ambazo kila Mwafrika ndani yake anateseka kwa mwanga mzuri wa jioni. Ukiziangalia mbili mfululizo unajua zimetengenezwa kwa ajili ya mwenye kutoa fungu. Arusha tumezoea kuwa mandhari ya sinema za watu tangu John Wayne alipokuja huku kukimbiza vifaru kwenye Hatari! ya 1962, kwa hiyo nikiona mlima mzuri kwenye filamu siyumbi upesi.

Iliyonishangaza zaidi ni ya zamani kuliko zote: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Nyeusi na nyeupe. Baba wa familia amepata kibarua cha kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayafua, wanakwenda kuyaweka rehani wakomboe baiskeli. Mfanyakazi wa pale anachukua furushi, anapanda nalo kwenye rafu, anapanda, anapanda, na ndipo unaona mashuka ya familia nyingine yamepangwa mpaka juu darini. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza kazini. Anayeigiza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria nje waliingia kuota joto, wakasimama mlangoni na helmeti mkononi. Mmoja akamwambia mwenzake, "Hapo na hesabu ya tajiri inamsubiri." Hawakuondoka mpaka mwisho, hata abiria walipopiga simu. Baba alipoanza kuinyemelea baiskeli ya mtu mwingine, huku mwanawe ameambiwa atangulie nyumbani, yule kijana akasema kwa sauti, "Usifanye, mzee, dogo anakuona!" Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Mengine kwa haraka. Wanatangaza saa kumi na mbili na nusu, wanaanza saa moja na robo. Spika ni moja na iko kushoto, ukikaa kulia unasikia zaidi jiko la chai. Umeme ukikatika kuna jenereta, ila ipo karibu na dirisha, na filamu yenye ukimya mwingi ikikutana na jenereta hakuna filamu tena. Projekta yao ni nzuri, picha inatoka safi. Vyoo visafi. Watoto wanaruhusiwa bila mtu kueleza kama filamu inawafaa, hili walirekebishe.

Kwa anayetaka kuanza, aulize kwanza filamu iko kwa lugha gani, achague siku ya Kiswahili, au siku ya Supa Modo wakiirudisha, ile ya Wakenya kuhusu binti mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema. Hiyo hata mama mkwe utakwenda naye. Njoo na sweta. Kaa safu ya pili, upande wa spika, kwa sababu kuanzia safu ya nne vichwa vinaziba maandishi. Na filamu zinaisha wakati vifodi, zile daladala ndogo, vya Njiro vimeshaadimika, kwa hiyo patana na bodaboda nauli kabla hujaingia, baadaye wanapandisha.