Pedali ya klachi inayokwama: kubadilisha mafuta au kubadilisha silinda kuu?

Pedali ya klachi ya gari la spoti inapokwama chini, kuna njia mbili za kawaida: kubadilisha mafuta ya klachi na kutoa upepo ulionaswa kwenye bomba lake, au kufunga silinda kuu mpya, yaani ile inayosukumwa na pedali ili ipeleke mafuta kwenye klachi. Ya kwanza ni nyepesi na ndiyo ya kuanza nayo, hasa ikiwa pedali hukwama baada ya kubadili gia injini ikizunguka kwa kasi, kisha hurudi hali yake gari likipoa. Mafuta ya DOT 4, aina inayotumika kwenye breki na klachi, hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji, kiwango hicho hushuka hadi 155, na bomba linalopita karibu na egzosi huyapasha vikali. Yakichemka hutoa mvuke; mvuke hubanika, mafuta hayabaniki, hivyo nguvu ya mguu hupotea njiani.

Silinda iliyochoka hujitangaza vingine: pedali hukwama hata injini ikiwa baridi, au huzama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, na ukipapasa fimbo iliyo nyuma ya pedali, kidole hutoka kimelowa. Hapo mpira wa ndani umekwisha, na mafuta mapya hayatasaidia kitu. Kabla ya kununua silinda, hata hivyo, kagua springi ya pedali na zulia la sakafuni, ambalo wengi hulisahau. Silinda ya chini, ile inayopokea mafuta hayo na kusukuma klachi, ni habari nyingine, kwani ikiwa ndani ya giaboksi, ni lazima giaboksi ishushwe.