Pikipiki ya umeme mlima Iwambi: nyota mbili, na hapo nimejikaza

Kioo kinasoma asilimia 40, abiria yuko nyuma, tunapanda Iwambi tukitokea Mbalizi, mara pikipiki kimya! Imezima kama nyumba iliyoishiwa LUKU. Na lori liko mgongoni.

Nikairudisha dukani waliponiuzia, wakapima betri pikipiki ikiwa imesimama: volti 79. "Braza, betri nzima kabisa, mlima ndio umezidi." Mlima umezidi! Sasa Mbeya mmekuja kumuuzia nani?

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Hii betri ya lithiamu ina seli 24 zilizofungwa mfululizo. Tambarare mota inavuta ampea 8 au 10 hivi. Mlimani na abiria zinapita 35. Seli moja ikichoka, au nati ya kiungo chake ikilegezwa na mitikisiko ya barabara za vumbi, volti yake inaporomoka chini ya 2.5 wakati wenzake wako kwenye 3.1. Bodi ya ulinzi, ile saketi inayolinda seli, inakata betri nzima. Ukisimama kidogo volti inapanda tena, kwa hiyo ukipima dukani huoni kitu. Asilimia za kwenye kioo nazo ni za kubahatisha, maana volti ya seli hizi karibu haibadiliki kuanzia asilimia 80 hadi 20. Baridi ya Julai ndiyo inamalizia, inaongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ndani ya seli.

Bodi yangu inasomeka kwenye simu kwa bluetooth. Mwenzako akae nyuma na simu, mpande mlima, aangalie seli ipi inaanguka. Yangu ni ya 17. Kwanza kaza nati zote (spana izungushie tepu, ikigusa ncha mbili inalipua cheche). Ikiendelea kuanguka, weka seli nyingine ya uwezo uleule.

Msinunue. Ingawa... chaji kamili inakula uniti tatu na kitu, na hakuna oili chafu ya kumwaga nyuma ya gereji. Umeme wenyewe kwa sehemu ni maji ya kwetu Usangu, yanapita Mtera na Kidatu kabla ya kufika Bwawa la Nyerere. Sehemu nyingine ni gesi, tusidanganyane. Kwa mjini tu, Kabwe na Mwanjelwa, ningesema nunua.

Wakibadilisha seli ya 17 bila maneno, napandisha nyota ziwe nne. Wakinitajia mlima tena, nazifuta hata hizi mbili.