Kishikwambi cha Kazi ya Mjengo: Tathmini ya Samsung Galaxy Tab Active5

Wauzaji wengi wa vifaa vya kielektroniki katikati mwa jiji la Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi Kimathi Street, humsifia mteja kishikwambi kwa ukubwa wa skrini, kasi ya kichakataji na wembamba wa umbo. Sifa hizo zina uzito wake, lakini hazimwambii mtaalamu jambo analohitaji kulijua zaidi, nalo ni iwapo kazi itaendelea wakati betri imekwisha, mtandao umepotea, mvua inanyesha na mikono imejaa saruji. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na siku zangu hugawanyika kati ya ofisi na mijengo ya Kilimani, Ruaka na Syokimau. Nimekitumia kishikwambi cha Samsung Galaxy Tab Active5 kukagua misingi, nguzo na slabu, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na ninakipima hapa kwa kigezo hicho kimoja.

Kampuni ya Samsung ilikitangaza kifaa hiki mwezi wa Januari 2024. Kina skrini ya inchi 8, kichakataji cha Exynos 1380, hifadhi ya gigabaiti 128 au 256 ambayo huweza kuongezwa kwa kadi ndogo ya kumbukumbu, kamera ya nyuma ya megapikseli 13, na kalamu inayokuja ndani ya boksi. Kwa kasi peke yake hakishangazi. Hufungua faili kubwa za PDF bila kusuasua, ila mchoro mzito wa pande tatu hukilemea, na anayetafuta mashine ya kuchorea aangalie kwingine. Uzito wake ni kama gramu 430, kiasi ambacho mkono mmoja huweza kukibeba asubuhi nzima huku mwingine umeshika ngazi.

Jambo lililonifanya nikichague ni betri. Vishikwambi vingi vya leo vimefungwa kwa gundi, na betri ikichoka, mwenyewe hana budi kukipeleka kifaa kwa fundi na kukaa bila nyenzo ya kazi mpaka kirudi. Active5 ina betri ya mAh 5,050 inayotolewa kwa mkono: unakizima, unafungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, unaweka betri nyingine, unakiwasha, na kazi inaendelea. Mtu anayekwenda kusimamia umwagaji wa zege, kazi ambayo ikishaanza haiwezi kuahirishwa kwa sababu ya chaji, huelewa mara moja thamani ya kuwa na betri ya pili mfukoni. Mijengo mingi huanza bila umeme wa uhakika, na hata pale ulipo, stima hupotea. Tena betri za lithiamu huzeeka, na joto huziharakisha kuzeeka, hivyo kifaa kinachoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani huanza kupungukiwa na nguvu mapema. Ukiweza kununua betri peke yake, kishikwambi kitaishi kwa muda ambao programu zake zinaendelea kufaa.

Vilevile kifaa hiki kinaweza kufanya kazi bila betri yoyote ndani, kikiunganishwa moja kwa moja na umeme. Mwanzoni uwezo huo huonekana hauna maana. Lakini fikiria kishikwambi kilichofungwa ukutani kwenye lango la mjengo ili wafanyakazi waandikishwe wanapoingia na kutoka. Betri inayochajiwa usiku na mchana bila kupumzika huharibika na huweza kuvimba, na kuiondoa kabisa huiepusha hatari hiyo.

Kuhusu uimara, kuna alama mbili ambazo mnunuzi hukutana nazo kwenye boksi, na inafaa azielewe kabla ya kuziamini. Ya kwanza ni IP68. Tarakimu ya 6 humaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa, nayo 8 humaanisha kwamba kifaa hustahimili kuzamishwa majini, na Samsung hueleza kiwango chake kuwa kina cha mita 1.5 kwa dakika 30 katika maji safi. Hiki ni kipimo chenye masharti yaliyo wazi, na kwa mjengo wa Nairobi, ambapo vumbi la murramu hutawala kiangazi na matope hutawala masika, tarakimu ya kwanza ina manufaa makubwa zaidi kuliko ya pili. Hata hivyo, kinga hiyo hutegemea mfuniko wa nyuma kufungwa barabara pande zote. Kila unapobadilisha betri, futa mchanga kwenye ukingo wa mpira kabla ya kubana, kwa maana chembe moja huweza kuacha nafasi ya maji kupenya.

Alama ya pili ni MIL-STD-810H. Jina lake la kijeshi huwavutia wanunuzi, na wauzaji wanalijua hilo. Ni mkusanyiko wa mbinu za majaribio uliotolewa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka wa 2019, ambapo mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio ya kufanya, na hakuna chombo cha jeshi kinachopiga muhuri wa kuthibitisha. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili: kimejaribiwa kwa kuangushwa kutoka urefu gani, na kikiwa ndani ya kasha au bila kasha? Kwa Active5 kasha linalokuja nacho ni sehemu ya ulinzi wake, na wanaolivua ili kifaa kionekane chembamba hujinyima kile walichokilipia.

Kalamu inastahili sifa nyingi zaidi kuliko inazopewa kwa kawaida. Haina betri ndani yake, kwa kuwa hupokea nguvu kutoka kwa skrini kwa njia ya usumaku, tofauti na Apple Pencil ambayo lazima ichajiwe. Kutokana na mfumo huo huo, kalamu hii huandika hata skrini ikiwa imelowa. Skrini ya kugusa kwa kidole huhisi chaji ya umeme ya mwili, na tone la mvua huivuruga, hivyo kidole kinaposhindwa, kalamu huendelea. Mhandisi aliyesimama juu ya slabu wakati manyunyu yanaanza, huku lori la zege likingoja idhini yake, atafurahi kujua kwamba bado anaweza kuzungushia duara jekundu nondo zilizokaribiana kupita kiasi na kutia sahihi kwenye fomu ya ukaguzi. Hakikisha tu kwamba programu unayotumia huhifadhi maandishi hayo ndani ya faili ya PDF yenyewe, ili mkandarasi akiifungua kwenye simu yake aone kile ulichokiandika wewe.

Sasa nifike kwenye udhaifu mkubwa wa kifaa hiki, nao ni skrini. Ramani za ujenzi kwa kawaida huchapishwa kwenye karatasi ya A1, yenye milimita 841 kwa 594. Skrini ya inchi 8 ya umbo hili ina upana wa milimita 172 hivi na kimo cha 108. Ramani nzima ikionyeshwa humo hupungua karibu mara tano na nusu: mchoro uliochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 100 huonekana kana kwamba ni 1 kwa 550, na maandishi ya milimita 2.5 hubaki chini ya nusu milimita. Hakuna jicho linaloweza kuyasoma. Bila shaka unaweza kukuza sehemu unayoitaka, na kwa kukagua nguzo moja au muungano mmoja wa boriti hilo hutosha. Lakini kazi ya mhandisi si kuona nguzo moja tu. Lazima aone jinsi mzigo unavyoshuka kutoka ghorofa hadi ghorofa, na anayekuza kipande kimoja baada ya kingine hupoteza mtazamo wa jengo zima. Hali hubadilika kidogo kwa Galaxy Tab Active4 Pro ya mwaka wa 2022, yenye inchi 10.1 na betri inayotolewa vilevile, ambapo ramani hupungua mara nne na nusu hivi. Kwenye iPad Pro ya inchi 13 hupungua mara tatu na kidogo. Ndiyo maana bado ninabeba ramani kuu moja iliyochapishwa, na ninawashauri wenzangu wafanye hivyo bila kuona haya.

Jua nalo lina hesabu yake. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya digrii moja, na katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu juu kabisa ya utosi. Skrini ya Active5 husomeka ikiwa mwanga wake umepandishwa hadi mwisho, ingawa rangi hufifia, na mistari ya kijani au samawati ambayo wasanifu huipenda hutoweka. Tumia mandhari meupe yenye maandishi meusi, na umwombe mchoraji akupe nakala ya ramani isiyo na rangi kwa matumizi ya nje.

Mwaka wa 2019 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza isiyotumia karatasi, ambapo makarani walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakaandika majibu papo hapo na kuyatuma baadaye mtandao ulipopatikana. Mpangilio huo wa kufanya kazi kwanza na kutuma baadaye ndio unaofaa mjengoni pia. Majengo ya Kilimani na Westlands yana maegesho ya chini ya ardhi, wakati mwingine ghorofa mbili au tatu kwenda chini, na mawimbi ya simu hayafiki huko. Programu inayodai intaneti ili ifungue ramani haina nafasi katika kazi hii, hata ikiwa imepambwa namna gani. Pakua kila kitu ukiwa ofisini. Ukirudi juu, hakikisha kwamba ramani uliyotumia ilikuwa toleo la mwisho, kwa sababu hatari halisi ya mjengoni ni fundi kufunga nondo kwa toleo C wakati msanifu ameshatoa toleo D.

Ninalisisitiza suala la kumbukumbu kwa moyo wote. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua makumi ya watu, jiji zima lilijiuliza ni nani alikagua na ni nini kilichoandikwa. Picha ya nondo kabla zege halijamwagwa, yenye tarehe, saa na rula iliyowekwa kando kuonyesha umbali, pamoja na matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kumwagwa ili kupima nguvu yake, huweza kuonyesha kosa wakati bado linaweza kurekebishwa. Kamera ya Active5 inatosha kwa hilo mchana. Gizani, picha zake huwa na chengachenga, na utahitaji tochi nyingine kando. Mahali ilipopigwa picha huandikwa kwa msaada wa GPS, ambayo hukosea kwa mita kadhaa: inatosha kutaja ploti, lakini isitumiwe kamwe kupima mpaka wake. Wanaopendelea iPad wajue kwamba GPS imo tu katika zile zinazotumia laini ya simu.

Kifaa cha kazi hubeba siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka kila anayehifadhi taarifa binafsi azilinde, na orodha ya wafanyakazi yenye nambari za vitambulisho ni taarifa za namna hiyo. Mfumo wa Android huruhusu eneo la kazi litengwe na la binafsi, na ofisi iweze kufuta eneo la kazi kutoka mbali kishikwambi kikinyakuliwa kupitia dirisha la matatu. Uliza pia masasisho ya usalama yatakoma lini. Miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, hivyo anayenunua modeli ya zamani kwa bei nafuu huenda ananunua mwaka mmoja tu wa usalama.

Kwa nani, basi, ninaipendekeza Active5? Kwa mhandisi, mkaguzi, mpima ardhi au afisa wa afya ya mazingira ambaye muda wake mwingi uko nje, naipendekeza bila kusita. Msanifu anayekaa ofisini na kuchora atafaidika zaidi na iPad Pro, na anayetegemea Revit, programu ya kuchora majengo ambayo huendeshwa kwenye Windows tu, achukue Surface Pro ya Microsoft yenye kichakataji cha Intel. Msimamizi wa mafundi anayenisikiliza nikieleza kwa kidole kwenye skrini ndogo bado huniambia, "Injinia, hebu tandika ile karatasi kubwa tuone sote," naye ana haki.

Ukienda dukani, usikubali kukijaribu chini ya taa za ndani peke yake. Mwombe muuzaji mtoke naye hadi mlangoni penye jua, ufungue ramani yako mwenyewe uliyoibeba kwenye kadi, uandike kwa kalamu ukiwa umedondoshea maji kidogo kwenye skrini, kisha utoe betri na kuirudisha. Mwulize iwapo betri ya akiba inapatikana hapa Nairobi na kama dhamana inatekelezwa hapa hapa, kwa kuwa vifaa vingi huletwa kutoka Dubai na dhamana yao huenda ikabaki huko. Kama betri ya akiba haipatikani, usikinunue kutoka duka hilo.