Düsseldorf kwa chakula cha Kijapani: anza na bakuli la tambi, sushi baadaye

Naishi Köln, na mgeni akiniuliza wapi Ujerumani atakula Kijapani cha kweli, namwambia apande treni aende Düsseldorf. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Ukitoka stesheni kuu, hatua chache tu uko Immermannstraße, mtaa wa maduka na migahawa ya Kijapani, na tangu 2021 hata kibao cha jina la mtaa kina maandishi ya Kijapani.

Wajapani walianza kuja huku miaka ya 1950, kampuni zao zikifuata chuma na mashine za bonde la Ruhr. Wakaleta familia, wakafungua shule yao, na ng'ambo ya mto Rhein, huko Niederkassel, kuna hekalu lao la Kibudha. Kwa hiyo mpishi wa hapa ana wateja waliokula chakula hiki tangu utotoni. Ukimpikia mtu kama huyo ovyo, harudi. Hapo ndipo ninapoona tofauti na miji mingine niliyokula.

Mimi ni mtu wa ramen, yaani bakuli la tambi kwenye mchuzi, na pa kuanzia ni mgahawa wa Takumi. Ramen yao ni ya mtindo wa Sapporo, kaskazini mwa Japani kwenye baridi kali: mchuzi mzito wa miso, yaani soya iliyochachushwa, na tambi za manjano zilizojikunja ambazo hazilegei upesi. Inakuja ya moto kwelikweli. Kula haraka, fyonza tambi kwa sauti bila haya. Wajapani wenyewe ndivyo wanavyofanya, na tambi zikikaa kwenye mchuzi zinavimba na utamu unapotea. Bakuli ni kama yuro 15 na linashibisha mtu mzima. Naniwa, pale Oststraße, nayo naipenda sana, hasa siku ya mvua. Foleni ya nje isikutishe, inasogea, kwa sababu hakuna anayekaa kupiga soga baada ya kumaliza. Nawe ukimaliza, lipa uwapishe wengine.

Sasa suala ambalo ndugu zangu wengi wa pwani huniuliza kwanza: nguruwe. Ni kweli, mchuzi wa ramen mara nyingi huchemshwa na mifupa yake, na vile vipande vya nyama juu ni vyake pia. Gyoza, zile sambusa ndogo za kukaanga upande mmoja, kwa kawaida nazo zina nguruwe ndani. Lakini usikate tamaa. Takumi wana tawi lao la Chicken & Veggie, ambako mchuzi ni wa kuku au wa mboga, na ule wa mboga una ladha nzito kuliko nilivyotarajia. Ila kuku si lazima awe halali, kwa hiyo uliza amechinjwa vipi. Uliza pia kama wametia sake au mirin, pombe za mchele zinazotumika sana jikoni kwao. Mimi huuliza na hujibiwa kwa adabu. Njia nyingine ni udon, tambi nene nyeupe za ngano: mchuzi wake wa asili hutoka kwenye mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi. Ni mwepesi, una harufu ya bahari, na mtoto wangu anaumaliza wote.

Baada ya kula, pita Bakery My Heart, Marienstraße. Nunua mkate wa anpan, wenye maharage mekundu ya sukari ndani. Aliyezoea maharage ya sukari ya nyumbani ataupenda papo hapo. Ukitaka kupika mwenyewe, ingia dukani Shochiku ununue miso, mwani na mchele wao unaonata. Soma maandishi kwenye pakiti za kari, nyingine zina mafuta ya wanyama.

Kuhusu sushi, ule wali wa siki wenye samaki, mara nyingi mbichi, nitasema machache. Nimewahi kula kwenye mgahawa mmoja wa kula mpaka ushibe, si mbali na hapo, nikaletewa wali uliotoka kwenye friji, mgumu na baridi. Wali wa sushi unatakiwa uwe na uvuguvugu wa mkono. Pesa ya sushi ikiwa ndogo, ibakize. Kwa bei ya sahani mbaya ya sushi utapata bakuli bora kabisa la tambi.

Nenda siku ya kazi, kabla ya saa sita mchana. Jumamosi ya Japan-Tag, ile sikukuu yao kubwa ya kila mwaka yenye fataki mtoni, mji hufurika watu: nzuri kwa kutembea na watoto, lakini kupata kiti mtaani hapo siku hiyo ni shida tupu.