Wonder Woman (2017): nguvu yake iko kwenye handaki, si kwenye radi

Ukiwa na jioni moja tu ya kumwonyesha binti shujaa wa kike anayestahili jina hilo, weka Wonder Woman ya 2017, na ikifika kwenye handaki usimruhusu mtu ainuke. Filamu ina dakika 141 na si zote zimeiva. Lakini kile kipande cha katikati ndicho kinachofanya watu waiagize tena na tena, na inafaa kujua kimejengwaje.

Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, anayeigizwa na Gal Gadot, amefika mstari wa mbele wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918. Ndani ya handaki mama mmoja aliyekumbatia mtoto anamshika mkono na kumweleza kijiji chao kilivyotekwa. Steve Trevor (Chris Pine), jasusi anayeandamana naye, anamwambia hapavukiki, watu wamekwama pale karibu mwaka mzima bila kusogea hata hatua. Diana anageuka na kuvaa taji. Hatuonyeshwi mwili mzima mara moja: kwanza buti juu ya ngazi, kisha ngao, kisha kamba kiunoni, kisha mkono wenye bangili. Joho linaanguka, ndipo anapanda.

Sasa tazama anachofanya akishatoka. Hampigi mtu. Anatembea. Risasi ya kwanza inakuja peke yake, anaipangua kwa bangili. Zinazofuata ni nyingi zaidi, naye anaanza kukimbia, mpaka bombomu linamlazimisha kuinama nyuma ya ngao, buti zimezama kwenye tope, hasogei tena. Hapo ndipo akili ya mwongozaji Patty Jenkins inapoonekana. Diana havuki peke yake. Kwa kuwa moto wote wa adui umeelekezwa kwenye ngao yake, wanaume waliokuwa wamejificha wanapata mwanya wa kutoka. Nguvu zake zinawafungulia wengine njia, na mtazamaji anayainua mabega bila kujua. Jenkins amewahi kusimulia kwamba wapo waliokitilia shaka kipande hiki wakati wa kutayarisha filamu, wakiuliza anapigana na nani. Bahati nzuri hakukiacha.

Msisimko huo umeandaliwa mapema, na asiyeona mwanzo ataupata nusu tu. Katika dakika za kwanza Diana ni mtoto mdogo kisiwani Themyscira, nyumbani kwa wapiganaji wanawake, anawatazama wapiganaji wakifanya mazoezi na kurusha ngumi zake ndogo hewani akiwaigiza. Mtoto anayetazama atafanya vivyo hivyo kwenye kochi, na hiyo ndiyo kazi ya picha ile. Kisha vinakuja vita vya ufukweni, ambako shangazi yake Antiope (Robin Wright) anatumia ngao ya mwenzake kama ubao wa kurukia na kuachia mishale mitatu kwa pamoja akiwa hewani. Lishike hilo akilini. Baadaye kijijini Veld, kile kilichotekwa, mdunguzi akiwa juu ya mnara wa kanisa, Steve anaikumbuka mbinu ileile: wanaume wanabeba bati zito mabegani, Diana anakanyaga na kuruka. Hakuna anayeeleza lolote, kwa sababu tumeshafundishwa.

Jingine linaloziinua sehemu za kisiwani ni miili. Miongoni mwa wapiganaji wale yumo bondia Ann Wolfe, bingwa wa dunia, na wanamichezo wengine wa kweli. Inaonekana kwenye mabega, na hasa wanapotua kutoka juu ya farasi: magoti yanakunja, uzito unashuka, vumbi linatoka. Kamera imesogea nyuma kiasi cha kutosha kuona miguu. Filamu nyingi za mapigano hukata picha kila mguso na kubana uso, ngumi ikatoka fremu hii na kutua fremu ile, na hapo huwezi kuamini kwamba mwanamke huyu ndiye aliyeirusha.

Usipuuze pia duka la nguo la London. Diana anajaribu gauni baada ya gauni, anainua mguu, anauliza mwanamke atapiganaje ndani ya vazi kama lile. Ni swali la fundi na wala halisemwi kwa dhihaka. Vazi lake la vita, kazi ya Lindy Hemming, ndilo jibu, ingawa buti zake zina kisigino kirefu kuliko nilivyotaka.

Kasoro kubwa ni theluthi ya mwisho. Pambano na Ares, mungu wa vita, linafanyika usiku, katikati ya moto, radi na vyuma vinavyopaa, na karibu kila kitu ni picha za kompyuta. Uzito tuliouona ufukweni unapotea: mtu akitupwa mita hamsini na kuinuka bila kuhema, hatujui tena kinachomwumiza. Handakini tulijua hasa nini kinamzuia. Daktari Maru, anayeigizwa na Elena Anaya, naye ameachwa nusu. Huyu ni mwanamke mwenye akili kali aliyetengeneza gesi ya sumu, kioo halisi cha Diana, na amepewa dakika chache mno.

Kuhusu kuitazama: nenda kwenye mipangilio ya televisheni uzime kipengele cha kulainisha mwendo. Jenkins anatumia mwendo wa polepole sana, na kipengele hicho hubuni fremu za katikati ambazo hazikupigwa, ngao ikaonekana kama plastiki na ngumi ikateleza. Usikuze picha ili kuondoa mistari myeusi ya juu na chini, maana utawakata wapanda farasi walio pembeni. Taa za chumba zizimwe kabla ya pambano la mwisho, la sivyo utaona giza tupu. Simu haifai kabisa kwa sehemu hiyo. Spika za nje, hata ndogo, zitakusaidia kusikia besi muziki wa Rupert Gregson-Williams unapopanda pamoja na ngazi.

Kwa watoto, Marekani iliipa alama ya PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13. Damu ni kidogo, lakini kijiji kinauawa kwa gesi na Diana anatembea ndani ya moshi ule bila kumpata yeyote wa kuokoa. Sitisha hapo kama mtoto ana maswali, kisha endeleeni.

Akitaka zaidi siku nyingine, mpe Black Panther ya 2018, amtazame Okoye, jenerali wa kike anayeigizwa na Danai Gurira, ndani ya kasino ya Busan, Korea Kusini, akivua wigi lililokuwa likimkera na kumtupia adui usoni kabla ya mkuki kufunguka. Wonder Woman 1984, filamu inayofuata hii, ianzeni kwa mashindano ya kisiwani peke yake: Diana mtoto anakata njia ya mkato, na Antiope anamnyakua hatua chache kabla ya mstari wa mwisho.