Injini ya naitro ya pauni 15: uzoefu wangu na GX21 iliyoganda

Pauni 15 ndiyo bei niliyompa muuzaji wa gari bovu la rimoti lenye injini hii. Mpaka injini inawaka nilikuwa nimetoa nyingine 58, ukiacha sufuria ya umeme ya mama watoto, ambayo ina kesi yake.

Naishi Leicester, Uingereza. Jumapili asubuhi watu wa hapa huenda uwanjani, wanafungua buti za magari na kuuza chochote kilichowajaa nyumbani. Chini ya meza ya mzee mmoja nikaona gari la rimoti, Kyosho Inferno, halina bodi wala rimoti, ila injini ya GX21 ipo mahali pake. Kwa wasiojua, 21 maana yake ni 0.21 ya inchi za ujazo, yaani karibu sentimita 3.5 za ujazo. Ni kiinjini kinachoenea kiganjani. Mzee akaniambia ilikuwa inawaka vizuri siku walipoiweka. Sikumuuliza waliiweka mwaka gani, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilipofika nyumbani na kuvuta kamba ya kuwashia, ilikaza kama imefungwa kwenye mnazi.

Mafuta ya injini hizi ni methanoli, naitromethani na oili ndani yake, na mara nyingi oili hiyo ina mafuta ya mbarika. Ndiyo, yale yale ya nyonyo tuliyonyweshwa utotoni tumbo likifunga. Yakiachwa ndani miaka, yanageuka gundi ya rangi ya asali na kushika pistoni. Methanoli nayo inavuta unyevu, kwa hiyo gundi ikishika huku, beringi zinakula kutu kule.

Mimi nilikuwa tayari nimeshika koleo. Jirani yangu, fundi pikipiki wa zamani kutoka Tanga, akanikuta kibarazani.

"Kaka, acha kulazimisha. Utakunja konrodi hiyo, mkono unaoshika pistoni. Ipashe kwanza."

Nikafungua plagi, nikadondosha matone ya oili nyepesi kwenye tundu lake, nikaielekezea draya ya nywele dakika kumi hivi. Halafu nikashika flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwa kitambaa, nikaisukuma mbele, nikairudisha nyuma. Hamna kitu. Nikapasha tena. Mara ya tatu ikasogea upana wa ukucha, ikarudi. Kutoka hapo ni kazi ya subira, ukucha kwa ukucha, mpaka ikazunguka mzunguko mzima.

Pistoni ilipofika juu kabisa, ikabana. Hapo roho yangu ikatulia. Silinda ya injini za aina hii imechongwa ikiwa nyembamba kidogo juu, hivyo injini ikiwa baridi pistoni hubanwa inapofika kileleni. Ikishapata moto, silinda inatanuka na vyote viwili vinakaa sawa. Huo mbano ndio uhai wa injini. Ukisikia umebaki hata plagi ikiwa nje, si upepo unaokuzuia, ni chuma kwa chuma. Ikipita juu laini bila kubana, pistoni na silinda vimekwisha, na bei ya vipya ikakufanya ujute.

Sasa sufuria. Kuna mbinu ya zamani ya kutoa gundi hiyo: unafungua injini yote, unaondoa kila kilicho cha mpira na plastiki, unatumbukiza vyuma kwenye kulanti ya gari (maji ya kupozea injini) ndani ya sufuria ya umeme ya kupikia polepole, na kuiacha moto mdogo masaa kadhaa. Fanya nje ya nyumba, maana kulanti ni sumu, na sufuria hiyo isirudi tena jikoni. Mimi niliiweka uani usiku mzima. Asubuhi vyuma vilikuwa vyeupe, na mama watoto yuko mlangoni.

"Baba watoto, hayo maharage ya kijani unampikia nani?"

Nilimnunulia nyingine wiki hiyo hiyo, tena kubwa zaidi.

Oveni ya kupashia injini ili beringi zitoke sikuthubutu hata kuitaja. Nikaazima mashine ya hewa ya moto kwa jirani. Nyumba ya kranki, yaani kasha la chini la injini, ikipata moto, beringi ya nyuma inaanguka yenyewe ukigonga juu ya ubao. Mpya nilizilaza kwenye friza kwanza ili zisinyae, zikaingia bila nyundo. Beringi pauni 14, oringi (vipete vya mpira vya kuziba) pauni 4, plagi mbili za kampuni ya OS, namba 8, pauni 12, kulanti pauni 4, na chupa ya mafuta pauni 24. Chupa yenyewe ni ya asilimia 16 ya naitro, kwa sababu hapa Uingereza mtu wa kawaida haruhusiwi kununua yenye kuzidi hapo bila leseni. Kemikali hiyo inaweza kutumika kutengenezea vilipuzi. Kwa mtu wa kuchezea gari uwanjani, 16 inatosha kabisa.

Kuwasha kulinitoa jasho. Kwanza niliijaza mafuta mpaka kamba ikagoma. Ukifika hapo usivute kwa nguvu: toa plagi, geuza gari kichwa chini, vuta kamba yamwagike. Mimi niliinama kutazama, yakanirukia usoni. Vaa miwani. Ilipokubali kuwaka, ikawa inapandisha mzunguko yenyewe bila kuguswa. Nilihangaika na skrubu za kabureta siku mbili nzima, kumbe ni hewa inaingia kwenye shingo ya kabureta, oringi ya pale nilikuwa sijaibadilisha. Oringi ya senti kadhaa!

Sasa inawaka mvuto wa tatu au wa nne, inaacha moshi mwembamba wa buluu, na kichwa cha injini kinasoma nyuzi 105 za Selsiasi hivi baada ya tangi moja. Nikimaliza naunguza mafuta yote, nadondosha oili kwenye plagi na kabureta, kisha nazungusha flaiwili pistoni ikae chini, isilale kwenye mbano ikanikwamia tena.

Kama injini: nyota nne. Ina nguvu kuliko nilivyotegemea, ila kelele yake haifai mtaani, lazima uende uwanja wa mbali. Kama ununuzi: tatu, kwa sababu kwa pauni 73 ningepata iliyotumika inayowaka, na sufuria yangu ingekuwepo. Ukiiona kama hii mezani kwa mtu, omba spana, toa plagi na uzungushe flaiwili kabla ya kutoa hela. Isipozunguka kabisa, mpe pauni tano.